"Kwa Hiyo Ni Mimi?": Kisa cha Taya Lililovimba na Kirusi Ambacho Karibu Sote Tunacho

Mtoto alikuwa wa kiume, miaka sita, kutoka kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Victoria. Bibi yake mzaa mama alimleta Jumatatu asubuhi, amemfunga khanga kutoka utosini hadi chini ya kidevu kama mtu anayeumwa jino. Alipoifungua ile khanga, chumba kilinyamaza. Shavu la kulia lilikuwa limevimba mpaka jicho limeanza kusukumwa juu, ngozi imevutika inang'aa, mdomo haufungi sawasawa na mate yanamchuruzika. Lakini mtoto hakulia. Nikaligusa shavu: gumu, halina joto, wala hakurudisha kichwa nyuma. Wanafunzi wanne wa mwaka wa nne walikuwa nami siku hiyo, na nilitaka walione hilo kwanza. Jipu la ukubwa ule lingemfanya mtoto apige kelele kabla hujamkaribia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu alianza kwa jino."

Na kweli alianza kwa jino. Wiki tano nyuma magego ya juu upande wa kulia yalianza kucheza. Bibi hakushtuka, kwa kuwa mtoto wa miaka sita meno hucheza. Hapo ndipo mtego ulipo, na sitamlaumu bibi kunaswa wakati hata sisi tunanaswa. Katika umri huo yanayoanza kung'oka ni meno ya mbele. Magego ya utotoni husubiri mpaka kati ya miaka tisa na kumi na miwili. Gego linalocheza kwa mtoto wa miaka sita, tena matatu kwa pamoja upande mmoja, lina kitu chini yake kinachokula mfupa. Zahanati moja iliyang'oa mawili na kumpa dawa za kuua bakteria kwa wiki moja, kisha wiki nyingine. Tundu la jino halikufunga. Badala yake nyama ilianza kuchomoza humo humo.

Nilimwomba mwanafunzi mmoja aeleze anachokiona mdomoni kabla hajakipa jina. Alisema vizuri: ufizi umevimba nje na ndani, gego lililobaki linayumba ukiligusa kwa kijiti, kaakaa limesukumwa chini, hakuna usaha. Tukamlaza. Tumboni, upande wa kushoto, mkono ulikutana na kitu kigumu ambacho hakikusogea kwa pumzi. Tukamtembeza pia kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, tukamuuliza bibi kama bado anakojoa vizuri, maana uvimbe wa aina hii ukibana uti wa mgongo mtoto hupooza miguu, na saa zinazopotea hapo hazirudi. Alitembea vizuri. Macho yote mawili yaligeuka pande zote.

Altrasaundi ilionyesha figo zote mbili zimetanuka, kila moja ina vinundu, na kuna bonge lingine kati ya utumbo. Damu ilikuwa pungufu, gramu 8.4. Kipimo cha VVU hakikuonyesha maambukizi. Cha malaria kilionyesha, ingawa hakuwa na homa. Huko kwao mtoto hukaa na vimelea vya malaria damuni kama anavyokaa na kikohozi cha msimu.

Kabla sijauliza swali, mmoja wao akasema: "Burkitt. EBV."

Alikuwa sahihi. Burkitt ni saratani ya seli za limfu, na EBV ni kifupi cha kirusi cha Epstein-Barr. Ninaandika kisa hiki kwa sababu ya kilichofuata baada ya usahihi huo. Wanafunzi wetu wana kanuni ya kukariri kwa jozi: EBV na Burkitt, kirusi cha herpes namba 8 na saratani ya Kaposi, kirusi cha papiloma (HPV) na saratani ya shingo ya kizazi, homa ya ini B na saratani ya ini. Jozi hizi zinawavusha kwenye mtihani. Kando ya kitanda zinaweza kumdhuru mtu.

Yule mwanafunzi aliandika kwenye fomu ya maabara: kingamwili za EBV. Nikamuuliza atafanya nini majibu yakirudi. "Yakiwa chanya, tumethibitisha." Nikamwambia basi atoe damu yake mwenyewe, na yangu, na ya muuguzi, na ya bibi. Sote tungekuwa chanya. Kirusi cha Epstein-Barr kimekwisha kuingia kwa takriban watu wazima 95 kati ya 100 duniani, na kwa watoto wa kandokando ya ziwa huingia mapema mno, wengi kabla hawajafikisha miaka mitatu. Kipimo ambacho kila mtu anakipata chanya hakimtofautishi mgonjwa na jirani yake.

Mwanafunzi mwingine akauliza watoto wadogo vile wanakipata wapi. Mwenzake akamjibu kwa Kiswahili kizuri kabisa, hatua mbili kutoka kitandani: "Kinaambukizwa kwa mate. Anayelea mtoto ndiye anayempa."

Bibi alikuwa anamnywesha mtoto uji kwa kijiko. Akakiweka chini.

"Mimi ndiye niliyekuwa namtafunia samaki, kwa sababu ya miiba. Tangu mama yake aende mjini. Kwa hiyo ni mimi?"

Sijui ni mara ngapi nimefundisha virusi ubaoni. Siku ile nilivifundisha nimekaa kwenye ukingo wa kitanda, na kila nilichosema kilipaswa kuwa kweli na pia kieleweke na mama wa miaka sitini anayekausha dagaa. Nikamwambia: "Hapana bibi, siyo wewe." Kisha nikalazimika kueleza kwa nini, na wanafunzi nikawaambia wasiandike, wasikilize. Haya hapa ndiyo niliyoyasema, nikiwaongezea wao yale ya kitaalamu niliyowapa baadaye mezani.

Kirusi si kiumbe kinachojitegemea. Ni maagizo yaliyofungwa kwenye ganda la protini. EBV maagizo yake ni DNA ya nyuzi mbili, yenye urefu wa herufi takriban 172,000, na juu ya ganda ina utando wa mafuta ulioazimwa kwa seli ilimotoka. Ni ndugu wa kirusi cha tetekuwanga, na undugu huo unaeleza tabia yake kuliko kitu kingine chochote. Aliyeugua tetekuwanga utotoni hubaki na kirusi kimelala kwenye mishipa ya fahamu, kisha uzeeni kinaamka kama mkanda wa jeshi. Familia nzima ya herpes iko hivyo: ikiingia haitoki. Inatofautiana tu kwa chumba inachochagua kulala. EBV imechagua seli B, zile seli nyeupe zinazotengeneza kingamwili. Juu ya seli B kuna kipokezi kiitwacho CD21, na protini ya kirusi, gp350, inakishika kama kidole kwenye pete.

Kikishaingia, DNA yake hujifunga duara ndani ya kiini na kukaa pembeni ya kromosomu zetu. Hakiui seli. Mwanzoni huisukuma igawanyike, huku kikitoa protini nyingi, na askari wa mwili, seli T, huziona protini hizo na kuua seli nyingi zilizoambukizwa. Kwa kijana wa miaka kumi na minane anayekutana nacho kwa mara ya kwanza, vita hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe: koo kuuma, tezi za shingo kuvimba, bandama kukua, uchovu wa wiki nyingi. Zile seli za ajabu kwenye kioo cha damu, ambazo wanafunzi hudhani ni seli B zilizoambukizwa, kwa sehemu kubwa ni seli T zilizokuja kupigana. Ukimpa kijana huyo amoksilini kwa kudhani ni koo la bakteria, anaweza kutoka vipele mwili mzima. Mtoto wa miaka miwili hapati lolote kati ya hayo. Anapata mafua kidogo, au hapati kitu. Ndiyo sababu kwetu ugonjwa huo tunauona kwa nadra, ingawa kirusi kiko kila nyumba.

Baada ya vita, kirusi kinazima karibu maagizo yake yote na kulala ndani ya seli chache za kumbukumbu. Humo askari hawakioni, kwa sababu hakuna protini ya kuonekana. Bibi analo hili. Mimi ninalo.

"Kwa hiyo wote tunacho," bibi akasema, "lakini shavu limevimba la huyu."

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa wiki ile. Kilichogeuza seli moja ya mtoto huyu kuwa saratani si kirusi, ni ajali ndani ya kromosomu. Kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo MYC kilikatika kikahamia kromosomu ya 14, jirani kabisa na jeni za kutengeneza kingamwili. Ndani ya seli B jeni hizo haziachi kufanya kazi. MYC ni jeni ya kuiambia seli igawanyike, na kwa kawaida huwashwa na kuzimwa kwa zamu. Sasa imeunganishwa kwenye waya usiokatika umeme. Katika Burkitt karibu wagonjwa 80 kati ya 100 wana mhamo huu wa 8 na 14. Waliobaki MYC yao imehamia karibu na jeni nyingine za kingamwili, kwenye kromosomu ya 2 au ya 22.

Kwa nini DNA ikatike hapo? Kwa sababu seli B huikata DNA yake yenyewe makusudi. Kila inapokutana na adui, ndani ya tezi, kimeng'enya kiitwacho AID hukatakata jeni za kingamwili ili zitengenezwe upya zikiwa kali zaidi. Ni kazi halali yenye hatari ndani yake, na kadiri inavyofanyika mara nyingi ndivyo uwezekano wa kukata pasipopaswa unavyoongezeka. Sasa mfikirie mtoto anayeumwa na mbu wenye malaria kali, falsiparamu, mwaka mzima, miaka mitano ya kwanza ya maisha yake. Tezi zake hazipumziki. Malaria hiyo hiyo huwachosha askari T waliokuwa wakiidhibiti EBV, na protini ya kimelea iliyo juu ya chembe nyekundu hugusa seli B na kukiamsha kirusi kilicholala. Kuna seli nyingi zenye kirusi, kuna kisu kinachofanya kazi bila kupumzika, na walinzi wamechoka.

Na kirusi chenyewe kina kazi gani? Hapa ndipo wanafunzi walipoinama mbele. Seli yenye MYC isiyozimika kwa kawaida hujiua. Mwili umeweka ulinzi huo. EBV inaonekana kuisaidia seli isijiue katika dakika hiyo ya hatari. Baadaye, ndani ya uvimbe uliokomaa, inabakiza karibu protini moja tu, EBNA1, ile inayohitaji ili DNA yake irithiwe kila seli inapogawanyika, na EBNA1 ni hodari wa kuwakwepa askari. Ndiyo sababu uvimbe unakua bila kinga kuuona.

Hivyo katika ule mstari wa jozi, "EBV na Burkitt", katikati kuna malaria, kuna AID, kuna MYC, kuna umri. Bibi alimpa mjukuu wake mate. Bibi zangu mimi nao walinipa. Kumtafunia mtoto samaki hakuna mahali kwenye mnyororo huu panapoweza kuitwa kosa.

Nitasema kidogo jinsi tulivyojua haya, kwa sababu habari hizi zimetoka kwetu na vitabu wanavyosoma wanafunzi huzitaja kwa mistari miwili. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amwone mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuelewa. Saratani haianzii sehemu nne, na maambukizi hayakai hivyo. Wiki chache baadaye, huko Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye taya zile zile, akapapasa tumbo, akakuta uvimbe. Akarudi kwenye mafaili. Mwaka 1958 akaandika kuhusu watoto 38, akiuita sarkoma. Wanapatholojia wa Kampala ndio waliotambua kwamba ni saratani ya seli za limfu. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake wawili, aliendesha gari kuukuu kwa wiki kumi, takriban kilomita 16,000, akipita hospitali baada ya hospitali hadi Afrika Kusini na kuuliza: mnawaona watoto hawa? Ramani aliyorudi nayo ilikuwa ya joto na mvua. Kwenye nyanda za juu zenye baridi ugonjwa ulikoma.

Machi 1961 Burkitt alizungumza London, katika hospitali ya Middlesex. Kati ya waliomsikiliza alikuwemo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vya saratani za kuku. Epstein aliwaza: ugonjwa unaofuata joto na mvua lazima unaletwa na mdudu, na mdudu huyo atakuwa amebeba kirusi. Akaanza kupelekewa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Entebbe. Kwa zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Desemba 1963 ndege yenye kipande ilizuiliwa na ukungu ikatua Manchester, na kichupa kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Epstein angeweza kukimwaga. Aliweka tone chini ya hadubini, akakuta si bakteria bali seli hai za uvimbe zinaelea zenyewe, na hizo ndizo zilizokubali kuoteshwa. Februari 1964 akaona kirusi ndani ya seli hizo kwa hadubini ya elektroni, na Machi mwaka huo yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakakitangaza.

Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba Epstein alipatia kwa sababu isiyo sahihi. Kirusi kipo, lakini hakiletwi na mdudu. Mdudu aliyeonekana kwenye ramani ya Burkitt ni mbu, na mbu alikuwa anamleta yule mshirika mwingine, malaria.

Baadaye, mkoa wa West Nile nchini Uganda, watafiti walichukua damu za watoto takriban 42,000 wakasubiri. Waliokuja kuugua Burkitt walikutwa walikuwa na kingamwili nyingi za EBV tangu kabla ya ugonjwa. Ripoti ikatoka 1978. Na hapa Tanzania, North Mara, kati ya 1977 na 1982 watoto walipewa klorokwini ili ionekane kama kupunguza malaria kutapunguza Burkitt. Ugonjwa ulipungua, ila ulikuwa umeanza kupungua kabla dawa haijagawiwa, na malaria nayo ikapanda tena dawa ilipozoeleka kwa vimelea. Jaribio hilo halikutoa jibu safi. Mtu anayetaka kuwa daktari wa utafiti alisome kwa makini hasa kwa sababu hiyo.

Turudi wodini. Tulinyonya seli kwa sindano nyembamba siku ile ile na kukata kipande kidogo cha ufizi. Chini ya hadubini seli zilikuwa za duara, zinafanana, zimebanana, rangi ya bluu nzito yenye vitundu vyeupe vya mafuta, na katikati yake makrofaji kubwa nyeupe zinazokula seli zilizokufa. Wanapatholojia huiita picha hiyo anga lenye nyota. Seli zinagawanyika zote kwa pamoja: uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Nikawataka wanafunzi wapige hesabu ya zile wiki tano. Hakuna aliyesema kitu. Maji ya uti wa mgongo na uboho vilikuwa safi, lakini kwa ajili ya tumbo ilikuwa hatua ya tatu.

Burkitt ni saratani inayoyeyuka kwa dawa kuliko karibu zote, na kuyeyuka huko kunaua. Seli mamilioni zikipasuka kwa pamoja zinamwaga potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki kwenye damu. Figo zinaziba, moyo unasimama. Kwa mtoto ambaye figo zake tayari zina uvimbe, hofu yangu ilikuwa hapo kuliko kwenye saratani. Tulimwekea dripu nyingi siku nzima kabla ya dawa, isiyo na potasiamu, pamoja na alopurinoli, dawa ya kuzuia asidi ya yuriki isitengenezwe kwa wingi. Ndipo tukaanza siklofosfamaidi, kisha vinkristini na methotreksati, na methotreksati nyingine kwenye maji ya uti wa mgongo.

Usiku wa pili, saa nane, muuguzi wa zamu aliniita. Alikuwa ameshika jagi la kupimia mkojo juu ya taa ya ukutani. Kwa saa nne lilikuwa limeongezeka kidole kimoja tu, na mkojo umekuwa mzito wenye vijichembe vya rangi ya matofali. Hakuna mashine iliyolia. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika kila saa, kwa kalamu, kwenye karatasi iliyobandikwa kitandani. Potasiamu ilirudi 6.1. Tukaongeza maji, tukampa dawa za kulinda moyo na kuishusha potasiamu, na kufikia asubuhi jagi lilikuwa linajaa. Nimemwonyesha kila mwanafunzi karatasi ile.

Siku ya tano shavu lilikuwa nusu. Ukiona kwa mara ya kwanza hutaamini. Mimi nimeona mara nyingi na bado huwa naenda kutazama kabla ya chai. Bibi alikuwa na kioo kidogo cha mkononi, akampa mtoto ajitazame.

Aliyeandika ile fomu ya kingamwili alibaki nyuma kwenye raundi akaniuliza kama jozi nyingine nazo zina vitu katikati. Zinavyo. HPV 16 na 18 hutengeneza protini mbili, E6 na E7, zinazoondoa breki za seli, lakini wanawake wengi wanaoambukizwa hukifukuza kirusi wenyewe. Tatizo ni kile kinachokaa miaka. Homa ya ini B hufanya kazi kwa miaka mingi ya ini kuungua na kupona, na sumu ya ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya huongeza moto. Kirusi cha Kaposi hukaa kimya mpaka kinga iporomoke. Hata EBV yenyewe, huko kusini mwa China inahusishwa na saratani ya nyuma ya pua, kwa waliopandikizwa figo inaleta uvimbe wa limfu kwa sababu ya dawa za kushusha kinga, na mwaka 2022 watafiti wa Marekani, wakitumia damu za wanajeshi zilizohifadhiwa, walionyesha kwamba kuambukizwa EBV hutangulia maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga hushambulia ubongo na uti wa mgongo. Kirusi ni kile kile. Kinachobadilika ni mwili na mahali.

Mtoto alimaliza mizunguko sita. Mara mbili bibi alikosa nauli, na mara ya pili ilibidi afisa ustawi wa jamii wa wodi apige simu hadi kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu kwa Burkitt kuchelewa wiki mbili kunaweza kuwa kurudi mwanzo. Katika nchi zenye uwezo zaidi ya watoto 90 kati ya 100 wenye ugonjwa huu hupona. Dawa ni hizi hizi tunazozijua. Kinachotuangusha ni zile wiki tano za mwanzo, na nauli.

Ugonjwa huu ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Alikuja kliniki mwezi wa kumi na nne akiwa na sare za shule, ana pengo pale magego mawili yalipong'olewa na mengine yameshika. Bibi alikuja na dagaa kwenye mfuko wa kaki. Nilipomuuliza kama bado anamtafunia samaki, alicheka akasema mtoto sasa anatoa miiba mwenyewe, ila mdogo wake amezaliwa, na huyo bado.

"Mtafunie bibi," nikamwambia. "Ila alale kwenye neti."